Nyayo katika Matope ya Pwani: Mwongozo Kamili wa Zinavyoumbika, Zinavyohifadhika na Zinavyorekodiwa

Mnamo Mei 2013, bahari iliyochafuka iliuondoa mchanga wa ufuo wa Happisburgh, katika kaunti ya Norfolk nchini Uingereza, ikafunua tabaka la tope gumu lenye vishimo virefu vipatavyo 50. Watafiti walipovipima waligundua kuwa ni nyayo za watu, wakubwa kwa wadogo, waliopita kando ya mdomo wa mto wa kale zaidi ya miaka 800,000 iliyopita. Majuma mawili hivi baadaye hazikuwapo tena, kwa maana bahari iliyozifunua ndiyo iliyozila. Hakuna nyayo za jamii ya binadamu nje ya Afrika zinazojulikana kuwa za kale kuliko hizo, na leo zinachunguzwa kupitia picha na vipimo vilivyochukuliwa kati ya kupwa na kujaa kwa maji.

Mwongozo huu unaeleza jinsi unyayo unavyoumbika katika tope la pwani, mambo yanayoufanya udumu, na jinsi mtu asiye mtaalamu anavyoweza kuuchunguza na kuurekodi bila kuuharibu. Msimamo wake ni kwamba ugumu wa ardhi ni jambo la baadaye. Unyayo hudumu kwa sababu matukio kadhaa yalifuatana kwa saa zinazofaa: tope lilikanyagwa likiwa na unyevu wa kiasi, likapata muda wa kukauka, kisha likafunikwa kwa upole kabla wimbi, mvua au kaa hawajalivuruga. Anayetaka kusoma nyayo hana budi kwanza kuyasoma maji. Majaribio nimeyapanga kwa pwani ya Afrika Mashariki, ambako wasomaji wengi wanaweza kuyafanya. Mifano ya kale inatoka Uingereza zaidi, kwa kuwa matope ya pwani za huko yamechunguzwa kwa miaka mingi.

Hatua ya kwanza: litambue tope kabla ya kuutazama unyayo

Mashapo ya pwani ni mchanganyiko wa punje za ukubwa mbalimbali. Mchanga ni punje zenye kipenyo cha kati ya milimita 2 na milimita 0.063. Zinazopungua hapo hadi milimita 0.004 ni tope laini lenye hali ya unga, na zilizo ndogo zaidi ni udongo mfinyanzi. Huhitaji maabara ili kukadiria mchanganyiko ulio mbele yako. Chukua tonge dogo lenye unyevu, ulisugue kati ya vidole, kisha uliviringe kuwa kamba nyembamba. Likikwaruza na kuvunjika mara moja, mchanga umezidi. Likiwa laini lakini kamba ikakatika kila unapoikunja, ni tope la unga. Kamba ikikunjika bila kupasuka, mfinyanzi ni mwingi. Unyayo wenye vidole vinavyoonekana vizuri hutokea zaidi katika tope la unga lenye mfinyanzi kidogo, kwa sababu punje zake ni ndogo kiasi cha kushika umbo la ngozi, na mfinyanzi huzuia kuta zisiporomoke.

Maji yana uzito uleule katika jambo hili. Mchanga mkavu hauwezi kushika ukuta wa unyayo, kwani punje zake hazina kinachozishikanisha. Mchanga wenye unyevu hushikana kwa utando mwembamba wa maji ulio kati ya punje, na mchanga uliojaa maji kabisa hutiririka. Ukikanyaga mchanga mgumu uliolowa, utaona eneo linalozunguka mguu likigeuka jeupe ghafla kana kwamba limekauka. Uzito wako umezisukuma punje zikaachana, nafasi kati yake zikaongezeka, na maji ya juu yakashuka kuzijaza. Ukiondoa mguu maji hurudi, na ndiyo maana unyayo mwingi wa ufuoni hujaa maji na kulegea baada ya muda mfupi tu.

Kwa hiyo jaribu kukanyaga mara moja kwa mwendo wa kawaida na utazame matokeo. Mguu ukiacha kivuli tu cha kisigino, tope limekauka mno. Ukizama hadi kifundo na kuta zikajifunga unapouchomoa, limelowa mno. Kinachotafutwa ni unyayo wenye kina cha sentimita 1 hadi 3, wenye kuta zinazosimama na vidole vinavyohesabika. Nyayo zilizozama sana hupendeza katika picha za wapiti njia, lakini mchunguzi hupata machache kutoka kwake, kwa maana sehemu kubwa ya umbo lake imetokana na tope lililorudi shimoni na si mguu wenyewe.

Hatua ya pili: fuata mguu unavyokanyaga

Mguu hauchapi umbo lake kwa mara moja. Kisigino hutangulia na kusukuma tope chini na mbele. Uzito kisha hupita ukingo wa nje wa wayo, ukielekea sehemu nene iliyo chini ya vidole, na hatimaye kidole gumba husukuma nyuma wakati mwili unapoachana na ardhi. Kila tendo huacha alama yake. Tope lililosukumwa huinuka pembeni na kufanya kingo, nyuma ya vidole huwa na kituta kidogo, na uvungu wa wayo hubaki juu kuliko sehemu nyingine. Mtu anayekimbia huzamisha zaidi sehemu ya mbele. Mtu anayeteleza huburuta kisigino na kuurefusha unyayo kuliko mguu wake. Mguu unapochomolewa kwenye tope lenye kunata, kuta huvutwa juu na vidole vinaweza kuungana vikaonekana kama mkwaruzo mmoja.

Jambo linalowakosesha wengi ni lile linalotokea chini ya uso. Mgandamizo wa mguu hauishii pale ngozi ilipogusa, bali hupita chini na kuyapinda matabaka yaliyolala chini yake. Miaka mingi baadaye, tabaka la juu likimomonyoka, kinachobaki ni mpindo wa tabaka la chini, wenye umbo la mguu lakini usio na kina cha kweli, usio na mikunjo ya ngozi, na mara nyingi usio na vidole. Vivyo hivyo, tope linalokuja kuufunika unyayo hufuata bonde lake, na tabaka la juu yake nalo huwa na kishimo cha mviringo. Kwa hiyo unyayo mmoja unaweza kuonekana katika nyuso tatu: ule uliokanyagwa, wa chini yake, na wa juu yake. Kabla ya kupima chochote, uliza uso ulio mbele yako ni upi. Dalili nzuri za uso uliokanyagwa ni kingo zilizoinuka, tope lililokwaruzwa, na kuta zinazokata matabaka badala ya kuyapinda tu.

Hatua ya tatu: yasome maji

Katika pwani ya Kenya na Tanzania bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, kila mzunguko ukichukua takriban saa 12 na dakika 25. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji ya juu na ya chini hufika kati ya mita 3 na 4 katika sehemu kama Mombasa na Unguja. Wakati wa maji mafu, yaani siku zilizo katikati ya bamvua moja na jingine, tofauti hiyo hupungua sana. Mvuvi anayajua haya tangu utotoni. Anayechunguza nyayo anapaswa kuyageuza kuwa ramani ya ufuo.

Gawa ufuo katika ngazi tatu. Ngazi ya chini hufunikwa kila maji yanapojaa. Unyayo ulioachwa hapo una muda wa saa chache tu, na tope lake halipati nafasi ya kukauka, hivyo hufutwa karibu kila mara. Ngazi ya kati hufunikwa siku nyingi lakini si zote. Ngazi ya juu, kama vile pembezoni mwa mikoko na viwanja vya chumvi vilivyo nyuma yake, hufikiwa na maji siku za bamvua tu, kisha hukaa juani kwa siku kadhaa hadi bamvua lijalo. Hapa ndipo nyayo zinapopata bahati. Mtu akipita siku maji yanapoanza kuiacha ngazi hiyo, tope lingali na unyevu wa kiasi. Jua la siku zinazofuata hulikausha. Na bamvua linapoingia tena hukuta kuta ambazo haziyeyuki kwa urahisi.

Pwani yetu ina jambo lingine la kuzingatia. Siku za bamvua maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi katika maeneo kama Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, na hujaa alasiri. Matokeo yake ni kwamba uwanda mpana kabisa wa tope hufunuliwa wakati jua limeshapanda, nao hukauka haraka kuliko ambavyo ungekauka alfajiri. Ni faida kwa unyayo na hasara kwa mpiga picha, kama tutakavyoona.

Kukauka peke yake hakutoshi, na kukizidi kunadhuru. Mfinyanzi ukipoteza maji hunywea, uso hupasuka vipande vyenye pembe nyingi, na ufa hupenda kupita palepale penye udhaifu, yaani kwenye vidole na kando ya kisigino. Kinachosaidia ni utando wa viumbehai wadogo, hasa mwani usioonekana kwa macho na bakteria, ambao huota juu ya tope lenye unyevu na kutoa ute unaozigandisha punje. Utautambua kwa rangi ya kijani au kahawia na kwa utelezi wake. Unyayo uliofunikwa na utando huo unaweza kustahimili maji yanayoingia polepole, ingawa hauwezi kustahimili wimbi linalovunjika juu yake.

Hatua ya nne: tafuta kilichoufunika

Tope lililokauka likiachwa wazi, litaharibika tu, iwe ni wiki hii au mwezi ujao. Unyayo unahitaji kufunikwa, na namna ya kufunikwa ina uzito kuliko kasi yake. Maji yatulie kiasi cha kuyaacha mashapo yashuke. Yakija kwa nguvu yanakwangua kabla ya kufunika. Ndiyo maana mahali pazuri ni nyuma ya kizuizi fulani: rasi ya mchanga, mwamba wa matumbawe, msitu wa mikoko, au mkono wa bahari ulioingia ndani. Upepo nao unaweza kufanya kazi hiyo kwa kupeperusha mchanga mkavu juu ya tope.

Inafaa zaidi ikiwa kifuniko ni cha namna nyingine na tabaka lililokanyagwa. Tope likifunikwa na tope lile lile, nyuso mbili huungana na hakuna kitakachozitenganisha baadaye. Tope likifunikwa na mchanga mwembamba, kuna mpaka, na mmomonyoko wa siku za usoni utauondoa mchanga kwanza na kuuacha unyayo ukiwa safi. Hivyo ndivyo ilivyo Formby Point, kaskazini mwa Liverpool, ambako tope liliwekwa katika maji tulivu nyuma ya matuta ya mchanga, likakanyagwa na watu, kulungu, ng'ombe wa mwituni wa kale na korongo, likaokwa na jua la kiangazi, kisha likafunikwa na mchanga na tope jipya. Mwalimu mstaafu Gordon Roberts alianza kuzirekodi nyayo hizo mwaka 1989 na akaendelea kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia kipimo cha umri kiitwacho radiokaboni, ulionyesha kuwa matabaka yake yanaanzia takriban miaka 9,000 iliyopita hadi miaka 1,000 hivi iliyopita. Kwa maoni yangu kazi ya Roberts ndiyo kielelezo bora kwa msomaji wa kawaida, kwa sababu haikuhitaji mtambo wowote zaidi ya subira, kamera na kurudi ufuoni pale pale.

Goldcliff, katika mdomo wa mto Severn upande wa Wales, kuna funzo jingine. Huko bahari hupanda na kushuka kwa kiasi kinachoweza kukaribia mita 14, na kila majira huacha tabaka lake: lenye punje kubwa zaidi miezi ya baridi yenye dhoruba, na lenye punje ndogo zaidi miezi ya kiangazi. Mtaalamu wa akiolojia Martin Bell na wenzake walitumia matabaka hayo kutambua majira ambayo wawindaji wa kale walipita na watoto wao. Katika pwani yetu kanuni ni ile ile, ila majira ni ya upepo na mvua. Masika huleta tope jingi la mito, na karibu na Malindi mto Sabaki huipaka bahari rangi ya kahawia. Kusi huchafua bahari na kusogeza mchanga. Kaskazi huwa tulivu zaidi. Katika delta ya Rufiji, penye mikoko mingi, mkato mmoja kwenye ukingo wa mkondo unaweza kuonyesha mfuatano wa tabaka za tope na mchanga zilizopangana vizuri.

Hatua ya tano: wajue waharibifu

Mawimbi na mvua vinajulikana. Wasiotajwa sana ni viumbe wanaoishi ndani ya tope lenyewe: kaa wanaochimba mashimo, minyoo ya baharini inayomeza mashapo na kuyatoa kwa nyuma, na mizizi ya mikoko. Katika nchi za joto viumbe hawa ni wengi mno, na hii ni sababu mojawapo ya nyayo nyingi kutodumu hata pale zinapofunikwa vizuri. Viwanja vyenye chumvi nyingi, ambako kaa na minyoo hupungua, vina nafasi nzuri zaidi kuliko matope yenye rutuba.

Kifuniko kikipita kina ambacho wachimbaji hao hukifikia, hatari kubwa imekwisha, na unyayo unaweza kukaa maelfu ya miaka ukiwa tope gumu tu, kama huko Formby, bila kugeuka mwamba. Kuwa mwamba ni safari nyingine. Katika mchanga wenye vipande vya makombe, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiweka tena kati ya punje, nayo huzishikanisha kama saruji. Nyayo za Langebaan nchini Afrika Kusini, zilizotambuliwa mwaka 1995 na kukadiriwa kuwa na miaka takriban 117,000, zilihifadhika hivyo katika mteremko wa tuta la mchanga karibu na bahari.

Hatua ya sita: fanya jaribio lako mwenyewe

Usomaji wa nyayo hufunzwa na macho, na jaribio la mzunguko mmoja wa mwezi linafundisha kuliko maelezo marefu. Chagua ufuo wenye tope, tulivu, usiopitiwa na watu wengi, na uombe ruhusa ya wenyeji au kamati ya ufuo. Usiende peke yako, na panga kuondoka kabla maji hayajaanza kujaa, kwani uwanda wa tope hujaa kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako.

Anza siku ya pili au ya tatu baada ya kilele cha bamvua. Katika kila mojawapo ya zile ngazi tatu tayarisha eneo la kama mita moja kwa mita mbili na ulitie alama kwa vijiti pembeni. Katika nusu ya eneo, tandaza mchanga mweupe mwembamba usiozidi nusu sentimita, kisha juu yake weka tope la mahali hapo lenye unene wa sentimita 2 au 3 na ulisawazishe. Liache lipoteze maji ya juu. Nusu nyingine iache ilivyo. Sasa mtu mmoja apite pekupeku kwa mwendo wa kawaida akanyage nusu zote mbili, na uandike saa, urefu wa mguu wake, hali ya tope na hali ya hewa.

Siku hiyo hiyo laza ubao ulionyooka juu ya kila unyayo na upime kina kutoka ubaoni kwenye kisigino, kwenye uvungu na kwenye kidole gumba. Rudia vipimo na picha kila maji yanapokupwa mchana, au kila siku ya pili ikiwa huwezi. Andika yale yaliyotokea: maji yalifika au hayakufika, mvua ilinyesha, kaa walichimba, utando wa kijani ulianza, nyufa zilifunguka. Usiguse unyayo wowote katika kipindi hiki, hata ukijaa takataka.

Baada ya bamvua la pili kupita, chagua unyayo mmoja katika ngazi ya juu, kwenye nusu uliyotandaza mchanga, na uukate. Chimba mfereji mdogo pembeni, kisha kwa kisu kirefu au waya mwembamba uliokazwa kata wima kutoka kisigino hadi vidole. Safisha uso wa mkato kwa upande wa kisu, ukipitisha kisu kutoka pembeni badala ya juu kwenda chini ili usipake tabaka moja juu ya jingine. Ule mstari mweupe wa mchanga utakuonyesha jinsi uso wa chini ulivyopinda, na juu ya unyayo utaona tope au mchanga ulioletwa na bamvua. Ukitaka nakala ya unyayo mpya, changanya plasta sehemu mbili kwa sehemu moja ya maji, uimimine polepole kutoka ukingoni, na usiinyanyue kabla ya nusu saa. Njia hii isitumike kamwe kwa unyayo unaodhaniwa kuwa wa kale, kwa sababu plasta huondoka na uso wake.

Hatua ya saba: ukikuta nyayo zinazoonekana kuwa za kale

Kwanza tafuta sababu za kukataa. Vishimo vinaweza kuwa vya maji yanayozunguka jiwe, vya mizizi iliyooza, au vya mguu wa jana uliokanyaga tope la kale lililolainika. Dai la nyayo huanza kupata nguvu panapokuwa na mfululizo wa kulia na kushoto, umbali unaokaribiana, na kifuniko cha mashapo ambacho bado kinaonekana kikiingia ndani ya kishimo. Kifuniko hicho ndicho ushahidi bora kuliko wote. Pale kinapopita juu ya unyayo na kuendelea chini ya ardhi isiyovurugwa, mguu haukuwa wa jana. Usikisafishe chote.

Kisha rekodi kabla ya kufikiri sana. Happisburgh watafiti walifanya kazi katika mvua na kati ya maji kujaa na kukupwa, na fotogrametria ndiyo iliyookoa taarifa. Njia hii hutumia picha nyingi zinazopishana ili programu ya kompyuta itengeneze umbo la unyayo lenye urefu, upana na kina, na simu yenye kamera nzuri inatosha. Piga picha ya eneo zima ukiwa na alama inayodumu nyuma, kama mnara au mwamba, na uandike namba za GPS zinazoonyesha mahali hapo. Weka rula au kipande cha mbao chenye vipimo pembeni mwa unyayo, kwenye usawa wa uso wake, na usikisogeze. Zunguka unyayo ukipiga picha 30 au zaidi, nyingine kutoka juu na nyingine kwa mshazari, kila picha ikiingiliana na iliyotangulia kwa zaidi ya nusu. Maji yaliyotuama yanyonywe kwa sifongo laini bila kusugua, kwani mng'ao wake huivuruga programu. Meshroom ni programu mojawapo ya bure inayofanya kazi hii.

Mwanga ni tatizo letu la pekee. Jua la saa tano asubuhi linamulika kutoka juu na kufuta vivuli vinavyoonyesha kina. Kwa fotogrametria hilo halina shida kubwa, mradi kivuli chako kisianguke kwenye unyayo. Lakini kwa picha ya kuonyesha umbo, funika unyayo kwa mwavuli au shuka na umulike kwa tochi iliyolazwa karibu na ardhi upande mmoja.

Hatua ya nane: pima, na utafsiri kwa kiasi

Pima urefu kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu zaidi, upana wa sehemu ya mbele, upana wa kisigino, na kina mahali patatu. Katika mfululizo, pima kutoka kisigino cha kulia hadi cha kushoto kinachofuata, na kutoka kisigino cha kulia hadi cha kulia kinachofuata. Urefu wa mguu wa binadamu ni takriban asilimia 15 ya kimo chake, hivyo ukigawanya urefu wa unyayo kwa 0.15 unapata makadirio ya kimo: unyayo wa sentimita 24 hutoa sentimita 160. Happisburgh nyayo zilizopimika zilikuwa kati ya sentimita 14 na 26, na ndiyo maana watafiti walizungumzia watu wenye kimo cha kati ya sentimita 90 hivi na sentimita 170 hivi, yaani kundi lenye watoto.

Makadirio hayo yana mipaka. Mtelezo hurefusha unyayo, kunywea kwa mfinyanzi huufupisha, na mpindo wa tabaka la chini hubadilisha upana wake. Tumia wastani wa nyayo kadhaa za mtu mmoja, na usikadirie uzito kutokana na kina, kwa sababu unyevu wa tope hutawala kina kuliko uzito wa mtu.

Hatua ya tisa: toa taarifa, na ufikirie kabla ya kufunika

Usitangaze mahali penyewe mtandaoni. Tanzania Bara taarifa ipelekwe Idara ya Mambo ya Kale. Zanzibar ina mamlaka yake ya mambo ya kale. Na Kenya ni Makumbusho ya Taifa. Kuchimba au kuondoa mabaki ya kale bila kibali ni kosa la kisheria katika nchi zote mbili.

Kufunika upya kunaonekana kazi rahisi, ila nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zinatoa onyo. Hizo hazikuwa za pwani, bali za majivu ya volkano yaliyolowa mvua miaka milioni 3.66 iliyopita, lakini tatizo lao linahusu kila unyayo. Baada ya uchunguzi wa mtafiti Mary Leakey na wenzake zilifunikwa mwaka 1979 kwa mchanga uliokuwa na mbegu za migunga; miti ikaota, na mizizi yake ikatishia uso wa nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Tanzania na Getty Conservation Institute ya Marekani waliiondoa miti, wakatengeneza palipoharibika na kuzifunika tena kwa tabaka za mchanga uliochujwa, kitambaa cha kupitisha maji, na kizuizi cha mizizi. Kwa hiyo, ikiwa nyayo ziko mahali ambapo mawimbi hayafiki, zifunike kwa muda kwa kitambaa kisafi chenye kupitisha maji na mchanga uliochekechwa, kisha wasubiri wataalamu. Usitumie karatasi ya nailoni, kwani hufungia joto na unyevu.

Ikiwa ziko mahali ambapo mawimbi yanavunjika, kufunika hakutazidi saa chache. Hapo tumia muda wote kwa picha, weka nakala zake mahali pawili, na urudi kila baada ya bamvua kubwa, hasa yale ya mwezi wa Machi na Septemba. Tabaka lenye nyayo mara nyingi huendelea kuelekea nchi kavu chini ya mchanga, na ukingo unaoliwa leo unaweza kufunua mwendelezo wa mfululizo ule ule uliokwisha kuurekodi.